Diski Zilipobadilishana Majina

Mama hakupenda kuandika. Katika simu niliyomnunulia alijifunza kitufe kimoja tu, kile chenye alama ya maikrofoni, na kila siku baada ya sala ya alfajiri, kabla hajainjika birika la chai, alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Tanga. Kwake ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi. Kwangu huku Uingereza, wakati wa baridi, ilikuwa saa tisa usiku, mara nyingi nikiwa zamu. Nilimsikiliza wakati wa mapumziko, simu nimeibana sikioni. "Umevaa sweta? Umekula? Hao wagonjwa wako wape salamu." Siku nyingine alisema kwa sekunde tisa, siku nyingine kwa dakika nne, pamoja na habari za majirani na bei ya muhogo.

Sauti hizo nilikuwa nikizihamisha kidogo kidogo kutoka kwenye simu kwenda kwenye diski ya nje. Niliporudi kutoka msibani nikahamisha zilizobaki, za miezi minne ya mwisho. Nikafungua tatu nne kuhakikisha zinasikika, kisha simu ile iliyochoka nikaipeleka dukani nikaongeza pesa nikapewa mpya. Nilijiona mtu mwangalifu. Nilikuwa na diski mbili, ya asili na ya nakala, na kompyuta mpakato ya zamani yenye mfumo wa Linux ambayo kazi yake ilikuwa moja tu: kila usiku saa nane, kuifananisha nakala na asili.

Diski ya nakala ilikuwa kwa rafiki yangu tangu tulipohama nyumba. Ilikaa kwake miezi minne, na muda wote huo kazi ya usiku nilikuwa nimeisimamisha. Nilipoirudisha nyumbani nikachomeka zote mbili, nikawasha kompyuta, nikairuhusu kazi ya usiku iendelee, nikaenda kazini.

Usiku ule kompyuta ilifanya sawasawa ilivyoagizwa, ila diski zilikuwa zimebadilishana majina. Iliichukua nakala ikaiona ndiyo asili. Ikaichukua asili ikaifananisha na nakala, na kila ambacho hakikuwamo kwenye nakala ikakifuta. Yaani miezi minne yote.

Najua mtauliza. WhatsApp yenyewe ina bakapu yake. Mimi nilikuwa nimeizima kwa sababu nafasi yangu ya Google ilikuwa imejaa picha za watoto. Na simu ya mama? Alipewa mjukuu wake, naye kwa furaha ya simu ikafutwa yote kwanza, ianze upya. Hakuna wa kumlaumu.

Nimeamua kuandika haya kwa sababu sisi tulio mbali maisha yetu yako kwenye diski kuliko tunavyokiri. Vyeti vilivyoskaniwa, barua za viza, picha za harusi tulizozikosa, sauti za wazee. Mimi kama muuguzi, kila miaka 3 natakiwa kuthibitisha upya usajili wangu hapa, nionyeshe saa 450 za kazi na saa 35 za kujiendeleza, na ushahidi wote huo ulikuwa kwenye diski ileile. Vyeti vya kozi niliviomba tena, nikatumiwa. Sauti haina wa kuombwa.

Mdogo wangu wa kiume yuko Muscat, anafanya kazi za kompyuta. Nilimpigia kabla hakujapambazuka, nikilia. Swali lake la kwanza halikuwa la pole.

"Dada, diski bado imechomekwa?"

"Bado."

"Ichomoe ile ya asili. Sasa hivi. Usifungue kitu, usinakili kitu, ichomoe uiweke kabatini."

Nikachomoa. Ndipo akaniambia nimsomee maagizo ya ile kazi ya usiku, mstari kwa mstari. Yalikuwa mafupi. Mstari mmoja ulisema chukua /dev/sdb1, hiyo ndiyo asili. Wa pili ulisema chukua /dev/sdc1, hiyo ndiyo nakala. Wa tatu ulisema ifananishe nakala na asili, na kilichozidi kwenye nakala kifute.

Akanyamaza kidogo. "Nani aliandika hii?"

"Wewe."

"Lini?"

"Ulipokuja likizo. Ulikuwa bado mwanafunzi."

Akavuta pumzi. Ni mama yake pia.

Kosa lilikuwa katika hayo majina mawili, sdb1 na sdc1. Kwa mtazamaji yanaonekana kama majina kamili ya vitu. Siyo. Linux inapoamka huzipa diski herufi kwa kadiri inavyozikuta: ya kwanza sda, ya pili sdb, ya tatu sdc. Namba inayofuata ni ya sehemu ndani ya diski. Herufi haitoki kwenye diski, inatoka kwenye foleni. Kwa diski zilizofungwa ndani ya kompyuta foleni huweza kukaa vilevile kwa miaka, na hapo ndipo mtu anapodanganyika. Diski za USB zina mambo mengi: ipi ilichomekwa kwanza, ipo kwenye tundu lipi, ipi sahani yake imechukua muda zaidi kuanza kuzunguka, je, kuna flashi ya mtoto imesahaulika pembeni. Katika nyumba ya zamani, diski zangu zilikaa kwenye matundu yaleyale miaka mitatu, asili ikiwahi siku zote. Katika nyumba mpya, nakala iliwahi.

Aliponieleza hivyo nilichukia, kisha nikaona aibu, kwa sababu jambo hili nalijua kuliko yeye. Ni jambo la wodini.

Tangu mafunzo ya diploma kule nyumbani tulifundishwa kwamba mgonjwa si kitanda. Asubuhi kitanda cha 4 ana mzee wa kisukari, mchana amepelekwa kupigwa picha, kitanda kimeingizwa mwingine, jioni mzee amerudi amewekwa cha 7. Ukienda na dawa ya "kitanda cha 4" unaweza kumuua mtu huku umefuata maandishi. Kwa hiyo humpi mtu dawa mpaka umesoma utepe wa mkononi mwake na yeye mwenyewe ametaja jina lake kamili na tarehe ya kuzaliwa. Tena humuulizi, "Wewe ndiye Bwana fulani?" Mgonjwa mwenye usingizi au asiyesikia vizuri hujibu ndiyo kwa kila kitu. Unamwambia, "Nitajie jina lako." Hapa Uingereza mgonjwa ana pia namba ya NHS, tarakimu 10, inayomfuata kila aendako, alazwe hospitali ipi, alale kitanda kipi.

Mimi mwenye utaalamu huo niliiachia kompyuta miaka mitatu itoe dawa kwa namba ya kitanda.

Diski nazo zina utepe wa mkononi. Zina hata zaidi ya mmoja, na kila mmoja una tabia yake. Hapa naomba mnivumilie, hasa wanafunzi, kwa sababu tofauti hizi ndizo zinazoponza watu waliodhani wamejifunza.

Wa kwanza ni namba iliyowekwa kiwandani, ambayo Linux huiunganisha na jina la mtengenezaji na aina ya diski. Hii ni ya chuma chenyewe. Ukifuta kila kitu ukaanza upya, namba haibadiliki. Ubaya wake ni kwamba baadhi ya vikasha vya bei nafuu vya kutilia diski hutoa namba ya kikasha badala ya ya diski, na vingine hutoka kiwandani vyote na namba moja. Ukiwa na viwili vya hivyo huna utambulisho.

Wa pili unaitwa UUID. Huu haukai kwenye chuma, unakaa kwenye mpangilio wa faili, yaani ile kazi inayofanyika diski inapofomatiwa. Kwenye diski iliyofomatiwa kwa mtindo wa Linux wa ext4 ni herufi na namba 36 pamoja na vistari. Kwenye flashi za kawaida ni fupi, nane tu na kistari katikati. Ukiifomati upya diski, inapata UUID mpya, kama mtu aliyefungua faili jipya hospitalini. Na ukiitoa diski pacha kwa programu ya kunakili kila kitu chembe kwa chembe, pacha huyo anatoka na UUID ileile. Wagonjwa wawili, utepe mmoja. Basi usizichomeke pamoja mpaka mmoja umebadilishwa.

Wa tatu ni jina unaloipa wewe, la kusomeka na mtu: ASILI, NAKALA, PICHA. Linaandikwa ndani ya diski, kwa hiyo linaifuata kwenye kompyuta yoyote, iwe Linux, Windows au Mac. Liwe fupi. Flashi nyingi hazikubali zaidi ya herufi 11, na ext4 hukomea 16. Diski nyingi zinakuja na jina la kampuni iliyozitengeneza, na ukiwa na tatu za kampuni moja una watoto watatu wote Mohamedi.

Upo na wa nne, wa tundu: diski iliyochomekwa hapa. Huo ni kitanda tena, ila kitanda kilichopigwa misumari. Una kazi yake katika mashine kubwa zenye diski nyingi, fundi anapotaka kujua aivute ipi. Nyumbani hauna maana.

Kuyaona haya yote kwenye Linux, fungua dirisha la amri uandike:

lsblk -f

Itakuorodheshea kila diski, jina lake la foleni, jina ulilolipa wewe na UUID yake. Ukitaka na zile namba za kiwandani, andika:

ls -l /dev/disk/by-id

Utaona majina marefu, kila moja na mshale unaoelekea kwenye sda, sdb au sdc ya leo. Jirani yake zipo folda za by-uuid, by-label na by-path. Mishale hiyo inachorwa upya kila diski inapochomekwa, na anayeichora ni programu iitwayo udev. Mdogo wangu anapofika hapa hawezi kunyamaza, kwa hiyo nitafupisha: udev ilianza mwaka 2003, Greg Kroah-Hartman akiwa mmoja wa walioiandika, kwa sababu hiyohiyo, kwamba vifaa vinavyochomekwa na kuchomolewa vilikuwa vimezidi na majina ya foleni hayatoshi. Miaka michache baadaye, diski zilizokuwa zikiitwa hda zilianza kuitwa sda baada ya madereva yake ndani ya Linux kubadilishwa, na waliokuwa wameandika hda kwenye maagizo yao waliamka asubuhi kompyuta haiwaki. Kadi za mtandao nazo zilikuwa na ugonjwa huu, eth0 na eth1 zikibadilishana, mpaka mwaka 2013 yalipoletwa majina kama enp3s0, yanayotokana na mahali kadi ilipo ndani ya mashine. Ni majina mabaya kuyatamka lakini yanatulia.

Sasa tulivyorekebisha.

Kwanza tulizipa diski majina, ASILI na NAKALA. Kisha tukaacha kabisa kuandika sdb na sdc. Katika faili iitwayo /etc/fstab, ambamo Linux husoma diski ipi ikae wapi, mstari wa asili sasa uko hivi:

UUID=5c1e7a90-3b2f-4d18-9a6e-0f47d2b81c35 /mnt/asili ext4 defaults,nofail 0 2

Mnaelewa kwamba UUID hii ni ya mfano tu. Yenu mtaisoma kwa lsblk -f. Neno nofail lisiachwe. Bila hilo, siku diski haijachomekwa kompyuta itaisubiri kama dakika moja na nusu, halafu itagoma kuwaka na kukuonyesha maandishi meupe kwenye kioo cheusi. Ukiwa na nofail itawaka tu na kuendelea na mambo mengine.

Lakini nofail ina hatari yake. Diski isipokuwepo, folda ya /mnt/asili bado ipo, ila tupu. Kazi ya usiku ikija ikaifananisha nakala na folda tupu, itafuta nakala nzima! Kwa hiyo kabla ya kazi kuanza tumeweka ukaguzi. Mstari mmoja unauliza kama kweli kuna diski iliyofungwa pale:

mountpoint -q /mnt/asili || exit 1

Na wa pili ni wangu mwenyewe, mdogo wangu aliucheka kisha akaukubali. Ndani ya kila diski nimeweka faili tupu. Kwenye ya asili inaitwa MIMI-NI-ASILI, kwenye nyingine MIMI-NI-NAKALA. Kazi haianzi mpaka imezikuta zote mbili, kila moja mahali pake, na faili ya nakala imeachwa nje ya ufananishaji ili isifutwe wala kufuatwa. Yaani diski inatakiwa ijitaje yenyewe. Utepe nimeusoma, sasa nitajie jina lako.

Tatu, programu tunayotumia kunakili, rsync, inakubali kuwekewa kikomo cha kufuta. Tumeiandikia --max-delete=50. Mimi katika siku ya kawaida sifuti faili 50. Siku ikitaka kufuta 900 itafuta hizo 50, itaacha nyingine na itatoa onyo, nami nitajua kuna jambo. Kikomo hiki kingekuwapo usiku ule, nisingekuwa naandika makala haya. Na kila nikibadilisha chochote kwenye maagizo, mara ya kwanza naiendesha na -n, ambayo inaeleza ingefanya nini bila kufanya.

Wanaocheza na vifaa vingine, kama wanafunzi wenye vibao vya kielektroniki vinavyotokea leo kama ttyUSB0 kesho ttyUSB1, wanaweza kuandika kanuni yao wenyewe kwenye folda ya /etc/udev/rules.d, mstari mmoja unaosema kifaa chenye namba fulani ya kiwandani kipewe jina la ziada nitakalo mimi. Kamera za USB zina folda yao, /dev/v4l/by-id. Siingii ndani zaidi.

Wengi wenu mnatumia Windows, na msidhani mmepona. Huko foleni ni ya herufi. C ni ya mfumo wenyewe, A na B zilikuwa za zile diski laini za zamani, na kinachochomekwa hupewa herufi ya kwanza iliyo wazi kuanzia D. Windows hujitahidi: diski ikishakuwa E kwenye kompyuta hiyo, huikumbuka. Lakini kumbukumbu hiyo iko ndani ya kompyuta, haiko kwenye diski. Ukichomeka flashi ya rafiki wakati diski yako haipo, flashi inaweza kuchukua E, na diski yako ikirudi inakuta nafasi imekaliwa, inakuwa F. Kama programu yako ya bakapu imeambiwa ipeleke picha E, itazipeleka kwenye flashi ya rafiki, au itashindwa kimyakimya kwa miezi. Kompyuta ya jirani nayo haijui lolote kuhusu E yako.

Dawa yake ni nyepesi. Chomeka diski, bofya alama ya Windows kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Disk Management, itafute diski yako, bofya juu yake kwa kitufe cha kulia na uchague kubadilisha herufi. Ipe herufi ya mwisho mwisho, P au T au W, ambazo foleni haifiki kirahisi. Usiguse C. Halafu ipe na jina, kwa sababu herufi inabaki kwenye kompyuta lakini jina linasafiri na diski.

Mac yenyewe huiita diski kwa jina lake tangu mwanzo, na hilo ni zuri. Ila ukichomeka mbili zenye jina moja, ya pili inaongezewa namba 1 katika njia yake ya ndani, na tumerudi kwenye foleni.

Nimefanya pia jambo ambalo halimo kwenye kitabu chochote cha kompyuta. Diski ya asili nimeipaka rangi ya kucha nyekundu pembeni. Binti yangu wa miaka saba anajua: hii yenye rangi ya bibi haiguswi.

Kuhusu sauti zenyewe. Diski ya asili ilikaa kabatini wiki mbili mpaka mdogo wangu alipopata likizo akaja. Alinieleza kwamba faili ikifutwa kwenye diski ya aina ile, ya sahani zinazozunguka, kinachoondoka mara moja ni jina na maelezo ya mahali ilipo. Yaliyomo hubaki palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, ndiyo maana aliniambia nichomoe upesi. Kwa zile diski mpya zisizo na sahani tumaini ni dogo zaidi, kwa sababu nyingi husafisha zenyewe nafasi zilizoachwa. Tulitumia programu ya bure iitwayo PhotoRec, ya Mfaransa Christophe Grenier. Haiandiki chochote kwenye diski mgonjwa. Inaisoma tu, na kinachopatikana inakiweka kwenye diski nyingine unayoichagua. Jina lake lisikudanganye, haitafuti picha peke yake. Inapita diski nzima ikitafuta alama za mwanzo wa kila aina ya faili.

Ilifanya kazi usiku kucha na nusu ya siku iliyofuata. Iliporudi ilikuwa na folda nyingi zinazoitwa recup_dir.1, recup_dir.2 na kuendelea, na ndani yake maelfu ya faili zenye jina la herufi f na tarakimu tu. Picha zilikuwamo, na vyeti, na nyimbo za watoto. Na sauti.

Sauti zimerudi karibu zote, kwa kadiri tunavyoweza kuhesabu. Zilizokatika katikati ni chache. Lakini zimerudi bila majina, na WhatsApp kwenye simu ile ilikuwa ikiziita kwa tarehe: PTT, kisha mwaka, mwezi na siku, kisha namba. Tarehe yote ilikuwa kwenye jina. Sasa tuna mama bila siku.

Kwa hiyo tunazipa majina upya, sisi watatu. Jumapili jioni dada yetu mkubwa anapiga kutoka Tanga, mdogo wetu anaingia kutoka Muscat, mimi nafungua faili na tunasikiliza. Dada ndiye hodari, alikuwa naye nyumbani. "Hapo anasema mvua imeharibu ukuta wa uani. Hiyo ni wiki ya pili ya masika." Au, "Anamtaja fundi wa pampu, andika mwezi wa tano." Tukikubaliana naandika tarehe, naihifadhi kwenye ASILI, na saa nane usiku inakwenda NAKALA. Mara nyingine hatukubaliani, na dada anakata simu akiwa amekasirika, kisha anapiga tena baada ya robo saa kusema alikuwa amekosea yeye.

Zimebaki 61. Nyingi ni fupi mno, salamu tu, hazina habari ya kuzikamatia. Kuna moja ya sekunde tisa ambapo mama anasema, "Haya, nimekuona uko kazini, nitapiga baadaye," na nyuma yake mtoto analia. Dada anasema siku zile hapakuwa na mtoto mchanga pale nyumbani. Mdogo wangu anasema labda ni wa jirani. Tumeiweka kando mpaka Jumapili ijayo, dada aende akamuulize mama wa nyumba ya pili alijifungua lini.